Unanunua Monita ya Lapi? Cheki Poti Kwanza, Bei Baadaye

Kuna beshte yangu wa Githurai hupiga kazi ya mtandao, ile ya kusikiza rekodi na kuandika kila kitu kinasemwa. Lapi yake ni ya inchi 14. Kwa hiyo skrini ndogo ilibidi aweke programu ya kucheza sauti, ukurasa wa kuandikia na maagizo ya mteja, zote zimebanana kama abiria wa mat saa kumi na mbili jioni. Shingo ikaanza kumuuma. Akaweka doo pole pole miezi minne, akashuka tao, akanunua monita ex-UK ya inchi 24. Safi, haina mkwaruzo. Akaipakata kwa mapaja ndani ya mat hadi mtaani.

Kufika keja ndio akajua hajui. Lapi ilikuwa na HDMI peke yake. Monita ilikuwa na DisplayPort, DVI na VGA. Akageuza hizo vitu mara tatu akitafuta mahali zinapatana, hakuna. Kupigia muuzaji simu, akaambiwa kitu ikishatoka dukani hairudi.

Vile hiyo stori iliisha nitakuambia huko chini. Lakini kama wewe pia umekuwa ukiweka pesa ya monita, ama umeona tangazo lenye bei tamu na kidole kiko karibu na M-Pesa, tulia kidogo. Wasee wengi huanza na inchi, halafu bei, halafu urembo. Mpangilio wenye hautakuchoma ni huu: poti za lapi yako, meza yako, kazi yako, halafu sasa bei.

ANZA NA MASHIMO YA LAPI YAKO

Poti ni lile shimo unachomeka waya. Chukua lapi yako sasa hivi, iangalie pande zote, hata nyuma. Za picha ni hizi:

HDMI: Hii unaijua, ni ile ile ya TV. Bapa, upande wa chini umepungua kidogo. Inabeba picha na sauti pamoja.

VGA: Mara nyingi ni ya bluu, ina mashimo 15 madogo na sehemu mbili za skrubu. Ni ya kitambo, ilitoka 1987, na haibebi sauti. Bado inafanya kazi, ila maandishi yanaweza kuonekana na ukungu kidogo.

DVI: Kubwa, mara nyingi nyeupe, nayo ina skrubu mbili. Utaipata kwa monita za zamani za ofisi kuliko kwa lapi.

DisplayPort: Inafanana na HDMI, lakini kona moja tu ndiyo imekatwa. Kuna ndogo yake inaitwa Mini DisplayPort.

USB-C: Ndogo, ya mviringo, kama ya chaja za simu za siku hizi. Hapa ndio watu huchomeka (na kuchomeka ya kupoteza pesa), kwa sababu si kila USB-C inatoa picha. Zingine ni za kubeba data peke yake. Angalia kando ya shimo kama kuna alama ya DisplayPort, yaani herufi D na P zimeshikana, ama alama ya radi ya Thunderbolt. Ukikosa alama, tafuta jina kamili la modeli yako kwa tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, usome sehemu ya poti. Jina huwa chini ya lapi.

Usidhani kila lapi iko na HDMI. Lapi nyingi za ex-UK zilitoka kwa maofisi, na ofisi zilikuwa na mambo yao. HP EliteBook 840 G3 ina DisplayPort na VGA, HDMI hakuna. Lenovo ThinkPad T450 ina Mini DisplayPort na VGA. HP EliteBook 840 G5 nayo imewekewa HDMI. Kwa hivyo usiambiwe na beshte "hizo zote ni sawa". Angalia yako.

Na wale wa MacBook Air za M1 na M2, nyinyi mna sheria yenu. Hizo mashine zimetengenezwa kuendesha monita moja tu ya nje. Kama ndoto yako ni meza ya monita mbili kama ya kina YouTube, jua hiyo mapema kabla ununue ya pili.

ADAPTA INA MWELEKEO

Muuzaji akikuambia "usijali, kuna adapta", uliza swali moja: inatoka wapi ikienda wapi? Adapta nyingi ni kama barabara ya upande mmoja. Ukiipitia vibaya, unapata skrini nyeusi imeandikwa No Signal, na unaanza kudhani monita imekufa.

Kutoka lapi ya DisplayPort kwenda monita ya HDMI ni rahisi. Waya ya kawaida inatosha.

Kutoka lapi ya HDMI kwenda monita ya DisplayPort ni ngumu. Ile waya ya kawaida, hata kama ncha zote zinaingia, haitafanya. Unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, na mara nyingi kina kawaya kengine ka USB ka kukipa stima. Bei yake iko juu.

HDMI na DVI ni kama ndugu. Zinabeba picha kwa njia moja, kwa hivyo waya rahisi inatosha, kutoka upande wowote. Usitarajie sauti tu, hiyo itabaki kwa lapi ama kwa earphone.

Kutoka lapi ya HDMI kwenda monita ya VGA unahitaji kigeuzi kidogo chenye chipu. Kile cha kutoka VGA kwenda HDMI ni kifaa kingine kabisa. Usiuziwe kimoja kwa jina la kingine.

Na kama lapi yako haina poti yoyote ya picha inayofanya kazi, kuna adapta za USB zinazotumia teknolojia ya DisplayLink. Unaweka programu yake, halafu monita inawaka. Kwa kuandika, barua pepe na kuvinjari mtandao iko sawa. Kwa gemu, sahau.

INCHI SI KILA KITU

Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona. Zinakuambia ukubwa wa kioo, hazikuambii vitu vingapi vitatoshea ndani. Hiyo kazi ni ya pikseli, zile nukta ndogo zinazochora picha.

Lapi nyingi za bei ya chini zina 1366 kwa 768. Ukizidisha, hiyo ni kama pikseli milioni moja. Monita ya Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani kama milioni mbili. Hapo ndipo unahisi tofauti: kurasa mbili zinakaa kando kwa kando bila kufinyana. Lakini ukinunua monita kubwa yenye pikseli chache, umenunua kitu kile kile, kimevutwa tu.

Full HD kwa inchi 22 au 24 inatoka poa. Kwa inchi 24 unapata kama pikseli 92 kwa kila inchi. Peleka hiyo Full HD kwa inchi 27 na zinashuka hadi 82, herufi zinaanza kuonekana nono na zina meno pembeni. Kwa filamu hutajali, kwa kusoma maandishi saa nane utajali. Kama roho yako imekufa kwa inchi 27, tafuta yenye 2560 kwa 1440, ambayo inakupa kama 109 kwa inchi.

Zile za mraba za inchi 19 huwa na 1280 kwa 1024. Zinauzwa rahisi, na kwa msee anayeanza si mbaya kwa kuandika, ila kuweka kurasa mbili kando kwa kando ni shida.

4K je? Kabla uitamani, kumbuka poti. HDMI ya toleo la 1.4, yenye iko kwa lapi nyingi za miaka hiyo, inatoa 4K kwa mara 30 pekee kwa sekunde. Ukisogeza maus unaona inaburuta miguu. Kupata mara 60 unahitaji HDMI 2.0 kwenda juu, ama DisplayPort, ama USB-C inayofaa. Bila hiyo, 4K yako ni ya kuonyesha wageni.

PIMA MEZA, HALAFU JIPIME

Keja ya bedsita haitaki mchezo. Monita ya inchi 24 ina upana wa kama sentimita 53, na ya inchi 27 inafika kama 60. Ongeza nafasi ya lapi kando, ama mbele. Halafu kuna umbali: macho yanafaa kuwa kama sentimita 50 hadi 70 kutoka kwa kioo, kama urefu wa mkono ukinyooshwa. Kama meza yako ni ile nyembamba imesukumwa ukutani, inchi 27 itakukaa usoni.

Sasa kazi. Kama ni kuandika, kodi, uhasibu ama darasa la mtandaoni, Full HD ya inchi 22 au 24 yenye mara 60 au 75 kwa sekunde inatosha. Kama unachora, unahariri picha ama video, tafuta kioo cha aina ya IPS. Rangi zake hazibadiliki ukiangalia kutoka kando. Kioo cha TN ukiinama kidogo rangi zinahama, na mteja atakuuliza mbona poster yake imekuwa na rangi ingine. VA nayo ina nyeusi nzito, tamu kwa filamu, lakini kitu ikikimbia haraka inaweza kuacha kivuli nyuma.

Wa gemu mnapenda mara 144 kwa sekunde. Fiti, lakini jiulize kama lapi yako inaweza kutoa picha 144 kwa hiyo sekunde. Lapi ya ofisi haiwezi kwa gemu nzito. Utakuwa umelipia kasi yenye haitatumika.

EX-UK AMA MPYA?

Ex-UK ni monita zilizotumika, mara nyingi kwa maofisi ya nje, zikaletwa huku. Kwa bajeti ya mhasla, ndizo hukupa stendi nzuri na kioo kizuri kwa pesa ndogo. Stendi ya ofisi mara nyingi inapanda, inashuka na kuzunguka. Mpya za bei ya chini nyingi zina stendi ya kuinama tu mbele na nyuma. Faida ya mpya ni waranti na taa ya ndani ambayo haijachoka.

Ukiamua ex-UK, iwe ni Luthuli Avenue, Moi Avenue ama duka la mtaani kwenu, sheria ni moja: beba lapi yako, chaja yake, na waya kama unayo. Usione aibu. Ni doo yako. Halafu fanya hivi:

1. Iwashwe na lapi yako, si kompyuta ya duka. Ikiwaka na yako, nusu ya vita umeshinda.

2. Fungua picha za rangi moja moja zijae skrini: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Zipakue kabla utoke nyumbani. Nukta isiyobadilika rangi ni pikseli imekufa. Kwa nyeupe angalia kona zenye umanjano, kwa nyeusi angalia mwanga unaovuja pembeni.

3. Iache ikiwaka dakika 15 au 20 huku mkipiga stori. Taa mbovu hujificha ikiwa baridi, halafu ikipata joto inaanza kupepesa ama kufifia.

4. Bonyeza kila kitufe. Punguza na uongeze mwangaza. Hakikisha menyu iko kwa lugha unayosoma, ama inaweza kubadilishwa.

5. Angalia nyuma. Mashimo manne ya skrubu yamepangwa mraba wa milimita 100 kwa 100? Hiyo inaitwa VESA, na inamaanisha unaweza kuifunga ukutani ama kwa mkono wa meza. Soma pia lebo, mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa.

6. Uliza waya ya stima na ya picha ziko kwa bei ama zinauzwa kando. Hapo ndipo "bei poa" huongezeka.

7. Risiti iandikwe modeli, nambari ya kifaa, na waranti ni ya muda gani. Kama wanasema watabadilisha ikikataa, hayo maneno yaingie kwa risiti. Ya mdomo yanaishia mlangoni.

Unanunua kwa mtu mtandaoni? Mkutane mahali pana soketi na watu, uijaribu, ndio utume pesa. Mtu anayetaka "deposit ya kukushikia" kabla hata hujaona kitu, achana naye.

NA TV YA SEBULENI?

Kama uko na TV yenye HDMI, ijaribu kabla utumie hata shilingi. Inafanya kazi. Lakini TV nyingi za inchi 32 zina 1366 kwa 768, yaani pikseli sawa na za lapi ya bei ya chini zimetandazwa kwa kioo kikubwa. Kwa mechi kutoka mbali hutajua. Kwa kusoma hati ukiwa karibu, macho yatalia.

Kama maandishi yanakatwa pembeni, ingia kwa mipangilio ya picha ya TV utafute kitu kama Just Scan ama Screen Fit. Kama maus inachelewa, weka hali ya gemu ama ya PC. Ikikufaa baada ya hapo, umeokoa doo yako yote.

STIMA

Monita ya kisasa ya LED ya inchi 24 hula kama wati 15 hadi 30. Chukua wati 20, saa nane kwa siku, siku 30: hiyo ni yuniti 4.8. Zidisha na bei ya yuniti kwa tokeni yako, utaona si kitu ya kukunyima usingizi.

Shida ni ikipotea. Lapi ina betri, monita haina. Stima ikienda, monita inazima lakini kazi yako haipotei. Madirisha yote yanarudi kwa skrini ya lapi na unaendelea. Ikirudi kwa nguvu ndio hatari, kwa hivyo chomeka monita kwa TV guard.

Kama mtaa wenu stima ni ya msimu, kuna monita nyembamba za kubeba za inchi 14 hadi 16 zinazokula stima kutoka kwa lapi kupitia USB-C. Hakikisha tu, tena, kwamba hiyo USB-C inatoa picha. Na kuna monita kubwa zenye USB-C inayochaji lapi huku ikipokea picha, waya moja tu mezani. Tamu sana, lakini angalia zinatoa wati ngapi. Chaja yako ikiwa ya wati 65, monita ya wati 15 haitaifikia.

UKISHAIFIKISHA KEJA

Kwa Windows, bonyeza kitufe cha Windows na P pamoja, uchague Extend. Ukiacha Duplicate, skrini zote zitaonyesha kitu kimoja na utadhani umeibiwa. Kwa Mac, ingia mipangilio upande wa Displays. Kwa Windows pia, ukishika Shift, Windows na mshale, dirisha linahama kutoka skrini moja kwenda ingine.

Kisha hakikisha Windows inatumia pikseli zote za monita. Kwa mipangilio ya Display, chagua ile namba imeandikwa Recommended. Wengi huishi na picha ya ukungu mwaka mzima kwa kutofanya hii kitu ya sekunde kumi.

Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho ama chini kidogo. Stendi ikiwa fupi, vitabu viwili vya zamani vinamaliza hiyo kesi. Iweke moja kwa moja mbele yako kama ndiyo unatumia zaidi, lapi ikae kando. Usikae mgongo kwa dirisha, jua litacheza kwa kioo. Na kila dakika 20 inua macho, angalia kitu kiko kama mita sita kwa sekunde 20.

SASA ILE STORI

Beshte yangu alifanya nini? Alirudi tao akanunua waya yenye HDMI upande mmoja na DisplayPort upande mwingine. Ikaingia vizuri kabisa. Skrini: No Signal. Siku mbili hivyo, deadline ya mteja ikapita, akaanza kupiga monita picha aiuze kwa hasara.

Aliyemwokoa ni fundi wa simu wa hapo mtaani. Aliangalia nyuma ya monita, akaonyesha lile shimo jeupe la DVI lenye sote tulikuwa tumelidharau, akampa waya ya HDMI kwenda DVI. Haikufika hata thao. Ikawaka hapo hapo. Sauti anasikizia kwa earphone zilizochomekwa kwa lapi, kama kawaida.

Monita haikuwa na shida hata siku moja. Alichopoteza ni pesa ya waya ya kwanza, kazi ya siku mbili, na mteja mmoja ambaye hajawahi kurudi. Siku hizi msee akimwambia anataka monita, haulizi inchi wala bei. Anauliza, "Lapi yako iko na mashimo gani?" Kama hujui, anakutuma uende uangalie kwanza.